Mji Ulioelekea Jua

Nina ugonjwa mmoja ambao wote walioishi nami wanaujua: siwezi kuliona kosa nikalipita. Miaka kumi na tisa ya kushika chaki iliniharibu. Nikipewa kadi ya harusi, nasahihisha tahajia kabla sijatazama tarehe. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, ameshanizoea. "Dad, you're doing it again," husema, kisha anaendelea na shughuli zake. Naitaja tabia hii mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza kule Toongabbie, kitongoji cha Sydney.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia na historia katika sekondari moja ya Iringa. Nilipofika Sydney vyeti vyangu vilitazamwa, vikapigwa picha, vikarudishwa kwangu kwa adabu nyingi, na mimi nikaingia katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Silalamiki. Au tuseme nalalamika, lakini kwa Kihehe, na ndani ya treni, ambako hakuna wa kunisikia. Kutoka kwangu Guildford mpaka Toongabbie ni treni moja tu, na kwa miezi kadhaa niliipanda siku nne kila wiki kwenda kwa mzee mmoja Mfaransa.

Karatasi niliyopewa kabla ya siku ya kwanza ilisema ana miaka karibu tisini, ni mjane, kumbukumbu inampungukia, na anapenda kukaa nje. Haikusema kwamba alikuwa mwalimu. Hilo nililijua alipouliza nilikuwa nikifanya kazi gani kwetu. Nilipomjibu, aliweka kikombe chini. Kumbe huko kwao jiografia na historia hufundishwa na mtu mmoja, kama vile haiwezekani kuujua mto bila kujua nani aliwahi kuuvuka, na yeye alikuwa amefundisha masomo hayo mawili maisha yake yote, katika mji aliozaliwa. Baadaye alistaafu, akamfuata mkewe Mwaustralia huku, na mkewe akamtangulia, akabaki na binti mmoja aishiye mbali.

"Basi wewe ni mwenzangu," akasema.

Nikamweleza kwamba kwetu mwalimu huitwa Mwalimu hata akistaafu, hata akiwa ndani ya jeneza. Alilipenda neno hilo. Tangu siku hiyo nikamwita Mwalimu, naye akaniita mwenzangu. Tuliongea Kiingereza, chake cha puani na changu cha Iringa, lakini maneno yake yamebaki kichwani mwangu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo ninavyoyaandika.

Alikuwa na haja moja tu, na aliitamka bila kuzunguka. "Kumbukumbu yangu inaondoka. Imeanza na ya jana, inarudi nyuma. Mji wangu ni wa zamani, kwa hiyo bado ninao. Lakini zamu yake itafika. Nataka uchorwe kabla ya hapo." Akanionyesha bahasha alizojaribu kuchorea. Mikono yake ilitetemeka, na mistari ilikuwa imekwenda kama siafu waliotawanywa. Mikono yangu haikutetemeka.

Jina la mji huo silitaji, kwa kuwa na yeye hakupenda kulitaja. Alisema ukilitaja, watu wanauliza kama ni karibu na Paris, na mazungumzo yanaishia hapo. Yeye aliuita mji, basi. Siku moja niliufungua kwenye simu, picha iliyopigwa kutoka angani, nikadhani nimemletea zawadi. Aliutazama muda mrefu, kisha akanirudishia simu. "Hawa wameweka sehemu ya kuegesha magari juu ya shule yangu," alisema. "Huo ni mji mwingine."

Basi nikanunua karatasi pana, penseli na kifutio, tukaanza. Ugomvi ulianza siku hiyohiyo. Mimi nimefundishwa, na nimefundisha, kwamba ramani ina kichwa, fremu, dira, skeli na ufunguo, na kwamba asiyeanza na fremu mchoro wake utaishia mezani, nje ya karatasi. Nikataka kupiga fremu. Yeye akataka mto kwanza. "Mto ulikuwepo kabla ya fremu," alisema. Nilimpa mto wake, ingawa roho iliniuma.

Ulikuwa mto mpole unaopinda kama mkono uliokumbatia kilima. Juu ya kilima kulikuwa na mji wa juu, na kanisa kuu lenye minara miwili isiyolingana, kwa sababu fedha za askofu ziliisha kabla ya mnara wa pili. Nje ya mlango wake kulisimama watakatifu wa mawe wasio na vichwa. Wakati wa mapinduzi watu walipanda ngazi na nyundo, wakawakata wote, kisha wakashusha kengele tatu zikayeyushwa kuwa mizinga. Ya nne ilikuwa kubwa kuliko dirisha la mnara, ikasalimika. Mwalimu alikuwa akiwafundisha watoto historia yote ya nchi yake kwa kuwauliza kwa nini kengele imebaki moja.

Kutoka hapo ngazi za mawe ziliteremka mpaka mtoni. Watu wa juu walikuwa makarani, mapadri na mawakili. Watu wa chini, ng'ambo ya daraja, walikuwa watengeneza ngozi, na harufu yao ilipanda ngazi wakati wa joto, kwa hiyo matajiri walifunga madirisha na kuisingizia hali ya hewa. Reli ilipokuja, hao hao wa juu waliogopa moshi, wakaisukuma stesheni mbali huko chini, na kwa miaka mingi baadaye wakalalamika kwamba stesheni iko mbali. Nilicheka sana aliponiambia. Nilimwambia hata kwetu wakubwa wako hivyohivyo.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu kwetu. Iringa nayo iko juu ya kilima, na mto unapita chini yake, na ukitoka Ipogolo kupanda mjini unasikia masikio yakiziba. Lakini mzee hakuuliza. Alikuwa na haraka, na nilimwelewa, ingawa kuna siku nilirudi Guildford nikiwa na mji wa mtu mwingine kichwani na wangu umekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa chai. Iliniuma, sisemi uongo.

Sasa nieleze jinsi alivyokuwa akinisomea mji wake. Nyumba yake ya matofali ilikuwa na baraza mbele inayopata jua kutwa nzima. Alikaa hapo katika kiti kimoja tu, amefumba macho, uso juani, anaonyesha kwa mkono. Mkono mbele: mto. Mkono nyuma, juu ya bega, kwenye mlango wa nyumba: kanisa kuu. Mimi niliandika. Majuma saba tulikwenda hivyo, mtaa kwa mtaa, tukaumaliza mji wa juu wote, na ngazi, na daraja. Ng'ambo ya daraja tulipaacha wazi. Ndiko alikozaliwa, ndiko ilikokuwa nyumba ya mama yake, na alikuwa amepaweka mwisho kwa makusudi, kama mtoto anayekula wali wote kwanza ili nyama ibaki.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, baridi kavu, jua limeinama na linapiga moja kwa moja barazani. Alikaa, akafumba macho, akatabasamu.

"Mbele yangu, kusini, ni mto," alisema. "Jua la mchana linanipiga usoni kama lilivyonipiga kwenye dirisha la darasa langu. Leo tunavuka daraja, mwenzangu. Andika."

Iringa jua la mchana linakaa karibu na utosi. Miezi mingine linaegemea huku, miezi mingine kule, na hakuna mtu anayelitegemea kumwonyesha njia. Lakini vitabuni nilikuwa nimelifundisha jambo hili kila mwaka, na lilikuwa swali langu la mtihani nilipendalo: ukiwa Ulaya, jua la mchana utaliona kusini, ukishuka chini kama Sydney, utaliona kaskazini. Nusu ya darasa hukosa. Na hapa mbele yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mzima, anakosa.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Hapo mbele yako si kusini. Ni kaskazini."

Akafumbua macho. Nikatoa simu, nikafungua dira, nikamwekea kiganjani ili asidhani nabahatisha. Akaitazama sindano. Alikuwa mwalimu, alielewa papo hapo, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Aligeuka akatazama mlango wa nyumba nyuma yake, lilikokuwa kanisa kuu. Akageuka mbele: barabara, mapipa ya taka, gari la jirani.

"Kwa hiyo mto uko wapi?"

"Uko Ufaransa, Mwalimu." Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti ya mtu anayegawa maksi.

"Na mimi niko wapi?"

"Toongabbie."

"Ahaa," akasema, akanirudishia simu yangu. Akaomba nimwingize ndani.

Kichekesho ni kwamba ramani haikuwa na kosa hata moja. Kwao mto uko kusini kweli, na kwenye karatasi nilikuwa nimeuchora kusini. Kilichokosea ni kiti tu. Nilikuwa nimekisahihisha kiti, na kwa kukisahihisha nikamtoa mzee wa watu katika mji ambao alikuwa akiishi kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa.

Siku iliyofuata nilikuja na penseli iliyochongwa. Akasema amechoka. Siku nyingine akasema daraja halioni. Nilimsomea mitaa tuliyokwisha kuichora, akaisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa habari za ukoo asioufahamu. Nilimsogezea kiti barazani, akasema hapana, huko nje kuna mwanga mwingi. Mwishoni mwa wiki zamu za kumhudumia zilishikwa na dada mmoja wa Kenya, muuguzi anayesomea digrii ya pili, mcheshi, asiye na breki mdomoni. Jumapili alinipigia.

"Wee, huyo mzee wako ako na shida gani? Siku hizi haongei hata. Anashinda tu ndani, curtain imefungwa. Ulimfanyia nini?"

"Nilimwonyesha kaskazini."

"Na kwani alikuuliza?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja kunilalia kifuani. Nilikuwa nikiipeleka ile karatasi Toongabbie na kuirudisha, imekunjwa ndani ya begi, na ile sehemu nyeupe ng'ambo ya daraja ikanifuata hata usingizini. Kila siku niliyomkuta kimya nilijua kinachoondoka: mlango wa mama yake, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nao. Mke wangu aliniambia nimwombe radhi. Niliomba. Mzee alisema hakuna tatizo, nilikuwa sahihi. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo.

Wazo lilinijia kwenye treni, tukiwa tumesimama stesheni ya Westmead, na halikuwa geni. Kule Iringa, vipindi vya baada ya chakula cha mchana, watoto walipoanza kusinzia, nilikuwa na ujanja ambao kila mwalimu wa kwetu anao. Unageuka ubaoni, unaandika kosa, tena kosa la aibu, unauweka mto Ruvuma kwenye mpaka wa Kenya, halafu unaendelea kana kwamba hujui. Unasubiri. Lazima mmoja atanyanyua mkono. Mtoto aliyeshindwa kukupa jibu sahihi hawezi kuvumilia la kwako likiwa baya.

Siku hiyo nilimbembeleza mpaka akakubali kutoka. Nilikiweka kiti palepale pa zamani, uso juani. Nikaweka ubao wa kukatia mboga magotini mwangu, karatasi juu yake, mto upande wa jua. Sikumuuliza kitu. Nilijisemea tu kwa sauti, kama mwanafunzi anayejikumbusha.

"Nashuka ngazi. Navuka daraja. Nikishavuka, kikanisa kidogo kiko mkono wa kulia." Nikakichora kulia. Alikwisha kuniambia zamani kwamba kiko kushoto. Hakufumbua macho.

"Stesheni iko hapa, karibu na daraja." Nikaichora. Alipumua kwa nguvu.

"Haya. Viwanda vya ngozi navipanga hapa juu, maji yanakotokea. Na wanawake wanafulia nguo hapa chini yake."

"Nani aliyekufundisha wewe?" Macho yalikuwa wazi, mekundu kwa hasira. "Wanawake wafulie kwenye maji yaliyotoka kwenye ngozi? Mama yangu? Mashuka meupe ya watu wa juu, ayafulie kwenye uchafu ule? Futa! Kufulia ni juu, ngozi ni chini. Hata mjinga anajua maji yanaelekea wapi!"

"Samahani, Mwalimu."

"Na kikanisa ni kushoto. Na stesheni hiyo umeileta darajani kufanya nini? Lete penseli."

Nilimpa penseli, nikamshikilia kifundo cha mkono kisitetemeke sana, na tukavuka daraja. Lile la zamani lilikuwa la mawe. Wakati wa vita, wanajeshi waliokuwa wakikimbia walililipua, naye akiwa mtoto wa miaka saba aliona vioo vyote vya mtaa wao vimelala njiani. Mwaka mzima alikwenda shule ya mji wa juu kwa mashua ya kamba, na fundi ngozi mmoja mwenye mikono ya rangi ya chai ndiye aliyeivuta. Tulifika kwenye nyumba zenye roshani za mbao za kuanikia ngozi. Tulifika kwenye mlango wa tatu, wenye kizingiti kilicholika katikati, na nyuma ya mlango msumari wa kutundikia aproni ya mama yake. Kwenye ramani msumari hauchorwi. Niliuchora, na nikauwekea alama yake kwenye ufunguo.

Tulikwenda hivyo majuma matatu. Nilipoona anaanza kupotea niliongeza kosa, naye alirudi mbio kunikaripia. Sijawahi kuwa mwanafunzi mbovu kiasi hicho. Siku ya mwisho alinitazama kwa upande.

"Wewe unakosea sana kwa mtu aliyesoma," alisema.

"Ndivyo nilivyo, Mwalimu."

Akaguna. Kisha akachora dira mwenyewe, mshale mmoja uliopinda kidogo, na juu yake herufi ya kaskazini. Akapiga kiti chake kofi moja kwenye mkono. "Hiki tukiache kilivyo," akasema. Nadhani alikuwa akijua yote.

Nilipokuwa nakunja karatasi akauliza, kwa mara ya kwanza, mji wangu uko upande gani. Nikaonyesha kule jua linakozama, juu ya paa la jirani. Akatazama kule muda mrefu. "Uchore," akasema. "Usingoje kama mimi. Uchore, ulete, nitakusahihishia." Halafu tukacheka wote wawili, kwa sababu Iringa hajawahi kukanyaga.

Sikumpelekea. Majira ya kuchipua yalipoanza, binti yake alimhamishia kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, upande wa pili wa jiji, ambako si eneo langu la kazi. Binti huyo aliniambia kwa simu kwamba ramani ameitia kwenye fremu na kuitundika mkabala na kitanda. Akasema baba yake humtuma muuguzi anyanyue kidole na kumwonyesha mlango wa tatu. Fremu yangu imepatikana mwishoni, basi. Mimi nilipewa bibi mmoja wa Merrylands anayependa mbio za farasi, na nilimkumbuka mzee kila jua liliponipiga usoni.

Jumapili moja nilibaki nyumbani, mke wangu yuko kazini, nikatandaza karatasi kwenye meza ya jikoni. Nikaanza na mto, kwa heshima yake. Ipogolo, barabara inayojikunja kupanda. Boma la Wajerumani. Soko, na Miyomboni, na jiwe la Gangilonga lililoinama juu ya mji kama mtu anayesikiliza, ambako baba alitupeleka kila mwisho wa mwaka kutuonyesha paa letu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika Makorongoni, kwenye mtaa wa mama. Mashine ya kusaga ilikuwa mkono wa kushoto au wa kulia? Nilisikia mlio wake. Nilisikia harufu ya unga wa moto. Upande sikuuona.

Ningeweza kufungua simu. Lakini simu haikukaripii. Nilimtaka mama, anitazame kwa yale macho yake, aseme, we mtoto, ulikuwa unatumwa unga ukilala njiani? Mama hayupo tangu mwaka wa pili wa kuja kwetu huku, na nilimzika kwa video, jikoni hapahapa. Basi nikafanya kama nilivyofanya Toongabbie. Niliandika makosa. Nikaihamisha mashine, nikalihamisha na soko, mwishowe nikauchukua mto wenyewe nikauweka Kihesa, juu ya kilima, kosa ambalo hata mtoto wa chekechea wa Iringa angelipigia kelele. Nikasubiri.

Binti yangu akaingia na bakuli la nafaka. Alitoka Iringa akiwa na miaka minne, mgongoni mwa mama yangu mpaka stendi ya basi, akilia. Aliinama juu ya karatasi, nywele zake zikagusa mto, akaitazama kwa makini kuliko nilivyotegemea. Niliweka penseli chini kama mtahiniwa aliyemaliza.

"That's really beautiful, Dad," alisema. "Is it the French man's town?"

Nilitazama jiwe, na soko, na mtaa wa bibi yake. Mimi ambaye siwezi kuliona kosa nikalipita.

"Ndiyo," nikamjibu.